Msaada Aliouomba Sungura

Mwaka ule mvua iliwasahau wanyama kabisa. Ilisahau vuli, ikasahau na masika, na wenye kutazama mawingu wakachoka shingo. Mto ukawa njia ya vumbi. Katika nchi nzima kikabaki kisima kimoja tu, mpakani mwa Kilimani na Bondeni, nacho kilitoa maji alfajiri, kidogo kidogo, kama tajiri anayetoa sadaka asiyoitaka. Wa kwanza kufika alikunywa maji. Wa pili alikunywa tope. Wa tatu alilamba mawe, akarudi kwake akinung'unika.

Kwa hiyo kila alfajiri palikuwa na vita. Wa Kilimani, mkubwa wao akiwa Simba, walidai kisima ni chao kwa sababu kilichimbwa upande wao. Wa Bondeni, msemaji wao akiwa Sungura, walidai kuwa maji siku zote huteremkia bondeni, na kama haya hayajateremka ni kwa uvivu wake tu. Pembe zilivunjika, mikia iling'atwa, na maji yenyewe yaliyogombewa yakamwagika. Mwishowe walikaa baraza wakaafikiana. Mpaka mvua inyeshe, hakuna kumla mwenzako. Simba alilikubali hilo akitazama pembeni. Na kuhusu kisima, pande mbili zitacheza rede. Watakaoshinda watatangulia kunywa kila siku mpaka ukame uishe, na watakaoshindwa watasubiri zamu yao kwa adabu.

Rede waliijua wote tangu utoto. Mchezaji mmoja hukaa katikati na kibuyu, akakijaza mchanga kwa kiganja. Wapinzani husimama huku na huku wakimtupia mpira. Mpira ukimgusa, hata kwenye unywele, anatoka na mwenzake anaingia kuendelea kujaza. Wachezaji wa upande mmoja wakiisha, wa upande wa pili wanaingia na kibuyu chao. Kisha vibuyu vinapimwa, na chenye mchanga mwingi ndicho chenye ushindi. Mpira wao waliushona kwa ngozi kavu ya mbuzi, wakaushindilia nyasi. Mbuzi mwenyewe alikuwa nani, hakuna aliyethubutu kuuliza mbele ya Simba.

Mwamuzi alichaguliwa Kanga. Hakuwa wa Kilimani wala wa Bondeni. Alikula mbegu na wadudu, akalala popote giza lilipomkuta. Tena hakuhitaji filimbi, maana ukelele wake ulitosha kumwamsha maiti. Ujira wake ulikuwa mzuri: yeye na vifaranga wake wangekunywa kabla ya wote, hata kabla ya washindi. Lakini palikuwa na sharti. Akithibitika kupotosha mchezo, hatakanyaga kisimani tena, yeye wala kizazi chake.

Kanga alilisikia sharti hilo akawatazama vifaranga wake. Tangu juzi walikuwa wameacha kulia, na mama yeyote anajua kuwa kifaranga asiyelia anatisha kuliko anayelia.

"Nimekubali," akasema.

Hapo Sungura akasimama. Sungura akisimama barazani, wenye akili hushika mifuko yao, lakini siku ile kila mmoja alikuwa na kiu na hapakuwa na mwenye akili.

"Ndugu zangu, mwamuzi ni mmoja na vumbi ni jingi," alisema kwa sauti ya upole. "Tumpe msaidizi. Kocha akitilia shaka uamuzi, amwambie mwamuzi, 'Omba msaada.' Naye mwamuzi amuulize mwenzake. Msaidizi asifungue mdomo mpaka aulizwe. Je, hiyo ni haki au si haki?"

"Haki!" wakaitikia wote.

"Basi msaidizi awe nani, kama si yule mwenye macho makubwa kuliko sisi sote?"

Vichwa vyote vikamgeukia Bundi, aliyekuwa amelala juu ya kisiki. Walimwamsha, wakamwambia amechaguliwa. Bundi aliduwaa. Katika maisha yake yote hakuwahi kualikwa hata harusini. Watu walimwita ndege wa nuksi, wakafunga madirisha alipopita. "Mimi?" akauliza. "Wewe, mjomba," akajibu Sungura, na Bundi akalengwalengwa na machozi.

Hakuna aliyejiuliza macho yale hufanya kazi saa ngapi. Yalikuwa makubwa, na ukubwa wake uliwatosha. Ni Sungura peke yake aliyejua, kwa sababu siku moja saa sita mchana alipita mbele ya Bundi akiwa na karanga za wizi kichwani, na Bundi akamsalimu, "Hujambo, Nungunungu?"

"Mimi ni kocha wa Kilimani," Simba akanguruma, "na tangu leo mjue kwamba sitaomba msaada wowote. Simba hajawahi kuomba."

"Hiyo ni hiari yako, Mheshimiwa," Sungura akadakia, tena haraka mno.

Siku ya mchezo jua lilikuwa kali hata kivuli kikatafuta kivuli. Kanga alisimama upande mmoja wa uwanja. Bundi aliwekwa upande wa pili, juu ya kisiki chake, akakodoa macho kwa fahari. Sungura alichagua kusimama karibu na kisiki, akidai kuwa pana upepo.

Kilimani walianza kujaza. Aliingia Swala, mwepesi, mguu hapa mguu pale, na huku kiganja kinachota mchanga. Watupaji wa Bondeni walikuwa Ngedere na Fisi. Ngedere alitupa vizuri. Fisi naye kila alipoupata mpira alikaa nao, akaunusa, akafumba macho.

"Fisi, tupa mpira!" Kanga akapiga kelele.

"Natafuta shabaha."

"Shabaha unaitafuta kwa pua?"

Fisi akautupa kwa huzuni. Swala aliruka, mpira ukapita chini yake, na Kanga akatangaza, "Hajaguswa!"

"Mwamuzi!" Sungura, kocha wa Bondeni, akaja mbio, mikono kifuani, heshima tupu. "Dada Kanga, sina ugomvi nawe. Lakini omba msaada. Muulize mjomba Bundi kama hakuona mpira ulivyomgusa Swala mkiani."

Aliyasema hayo akiwa ameuelekeza uso wake kwenye kisiki. Kanga alikuwa na hakika ya alichokiona, lakini aliogopa kuitwa mbishi. Akauliza kwa sauti, tena kwa maneno yale yale, "Mwenzangu, je, mpira umemgusa Swala mkiani?"

Bundi akakohoa kidogo. "Umemgusa," akasema. "Mkiani."

Kanga akabadilisha uamuzi. Swala akatoka akiutazama mkia wake, asijue ni lini ulianza kumsaliti.

Akaingia Nyani, mchezaji wa mwisho wa Kilimani. Alikuwa mjanja wa kukwepa, na mchanga ulikuwa unakaribia shingoni mwa kibuyu. Ngedere akatupa, Nyani akajikunja, na Kanga akaona hewa kabisa kati ya mpira na mbavu zake. "Hajaguswa!"

"Omba msaada, dada! Muulize kama haukumparuza ubavuni!"

"Mwenzangu, umemparuza ubavuni?"

"Ubavuni," akasema Bundi kwa uzito mkubwa. "Umemparuza."

Nyani akatupa kibuyu chini akalia kama mtoto. Wa Kilimani wakazomea, na Simba akasimama manyoya yote. "Uongo!"

"Mheshimiwa," Kanga akasema, "kocha ana haki. Sema 'omba msaada' nami nitamuuliza upya, pembeni."

Simba akakaa. "Siombi," akasema. Zamu ya Kilimani ikaishia hapo, mchanga ukiwa umefika shingoni mwa kibuyu.

Wakati wa mapumziko Kanga hakuweza hata kutulia. Hewa ile aliyoiona kati ya mpira na Nyani ilikuwa bado machoni pake. Je, yeye ndiye haoni? Akavuka uwanja polepole bila kusema neno, akasimama mbele ya kisiki, hatua moja kutoka kwenye uso wa Bundi.

Bundi akasikia hatua. Akatabasamu. "Karibu, Bwana Sungura. Nimesema vizuri? Wameona kwamba ninaijua kazi?"

 Kanga akapunga bawa mbele ya yale macho makubwa. Hayakupepesa.

"Mwenzangu," akanong'ona, "mimi ni Kanga."

Bundi akanywea mpaka akawa mdogo kuliko kifaranga. Halafu yote yakamtoka kwa pamoja. "Mchana ninaona weupe tu, dada. Weupe na kelele. Lakini ningesemaje? Nimechaguliwa kwa ajili ya macho. Siku moja tu nimeitwa mbele za watu, niseme kwamba macho yenyewe hayaoni? Nikamsikia Sungura akieleza mpira ulikopita, nikasema huyu yuko karibu, huyu ameona."

Kanga alikasirika hata madoa yake yakasimama. Halafu hasira ikamgeukia mwenyewe. Nani aliyeuliza kwa kelele? Nani aliyerudia maneno ya kocha neno kwa neno, kama kasuku? Akitangaza sasa hivi kuwa Bundi haoni, wote watajua kwamba mwamuzi ameuacha ukweli wake mara mbili kwa neno la asiyeona. Hapo kisima kimekwenda. Akawaza vifaranga wake, akameza mate ambayo hakuwa nayo.

"Sikiliza," akasema mwishowe. "Nitakuwa nikija mwenyewe. Nitakuuliza jambo moja tu: umeona nini? Ukiona, sema. Usipoona, sema 'sikuona.' Neno hilo halina aibu."

"Halina?"

"Lina aibu ndogo kuliko hiyo nyingine."

Bondeni wakaingia kujaza. Wa kwanza alikuwa Ngedere, mikono yake ikienda kasi ajabu. Hakukaa sana. Swala, mwenye uchungu wa mkia, alitupa mpira ukampiga sikioni paa!

"Ameguswa! Nje!"

"Mwamuzi, omba msaada!" Sungura alikuwa tayari ameanza kutembea kuelekea kwenye kisiki. "Muulize mjomba kama hakuona mpira ulivyopita juu ya..."

"Bwana Sungura, simama hapo hapo," Kanga akamkata. "Ninayekwenda ni mimi."

Akaenda. Akainamisha kichwa karibu na kisiki. "Umeona nini?" Neno likamtoka Bundi, dogo na la kweli: "Sikuona." Kanga akarudi katikati. "Msaidizi hakuona. Uamuzi wangu unabaki. Ngedere yuko nje."

Masikio ya Sungura yalilala, lakini hayakulala sana. Alipanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu! Huu ni uamuzi gani wa kunong'onezana? Tutajuaje wanachoambiana? Mimi nataka mambo ya waziwazi. Msaidizi aulizwe mbele ya wote, ajibu mbele ya wote, na neno lake liwe la mwisho!"

Neno "waziwazi" huwa tamu masikioni. Wa Bondeni wakashangilia, na hata wa Kilimani wakatikisa vichwa kukubali. Kanga akaona amebanwa. Akikataa, ana la kuficha. Akikubali, je, Bundi atathubutu kusema "sikuona" mbele ya umati? Sungura naye alikuwa akimtazama huku anatafuna jani lisilokuwepo.

"Sawa," Kanga akasema. "Lakini nami naongeza langu. Aliyeomba msaada hana ruhusa ya kuukataa. Uje mtamu, uje mchungu, ataumeza."

"Nimekubali!" akasema Sungura. "Mashahidi ni ninyi nyote."

Sasa akaingia Fisi, mchezaji wa mwisho wa Bondeni. Kwa uchotaji hakuwa na mpinzani. Viganja vyake vilikuwa kama majembe, na uchu wake ulifanya hata mchanga aufukue kwa pupa. Kibuyu kikapanda. Lakini macho yake hayakuwa kwenye kibuyu. Yaliufuata mpira kushoto, yakaufuata kulia, na kila ulipopita karibu pua yake ilicheza. Ngozi ile ilikuwa imepigwa na jua tangu asubuhi na sasa ilianza kunukia mafuta.

Ndipo jua likapungua nguvu. Wingu zito la kijivu lilikuwa limejivuta kutoka mashariki, likatanda juu ya uwanja. Siku nyingine wote wangelipigia magoti. Siku ile kila jicho lilikuwa kwenye kibuyu, na Kanga naye hakuthubutu kuuacha mpira. Juu ya kisiki Bundi alipepesa macho. Akapepesa tena. Weupe ulikuwa umeondoka, na dunia ikamjia na kingo zake. Aliona uwanja. Aliona umati wote, akaona madoa ya Kanga, akaona masikio mawili marefu chini yake, karibu kiasi cha kuyadonoa.

Nyani akatupa. Mpira ukapita mbele ya pua ya Fisi. Kanga alikuwa nyuma ya bega la Fisi. Aliuona mpira unaingia, akauona unatoka ukienda moja kwa moja. Kilichotokea katikati hakukiona, maana bega la Fisi si dirisha.

"Hajaguswa!" akatangaza, bila raha.

Fisi akachota kiganja kikubwa, akakimimina. Kabla hajachota kingine, Swala akaokota mpira akampiga nao mgongoni, na hilo halikuwa na ubishi. Zamu ikaisha. Vibuyu vikaletwa, vikasimamishwa pamoja, vikapimwa kwa kijiti. Cha Kilimani kiliishia shingoni. Cha Bondeni kilikizidi kwa nusu kiganja.

Bondeni walirukaruka mpaka vumbi likawafunika. Nyani akakimbilia kwa Simba. "Mheshimiwa, mpira ulibadilika! Ulipotoka kwa Fisi haukuwa ule ule! Omba msaada, nakusihi!"

Kanga akamtazama Simba. Alitamani ingekuwa halali mwamuzi kumpigia kocha magoti. "Mheshimiwa, haki yako ipo. Unaomba?"

Simba akaitazama Kilimani yake yote, wenye kiu na watoto wao. Akajaribu kufungua mdomo. Likatoka lile lile. "Simba haombi." Kisha akafunua kucha moja, akaikagua. "Lakini tutaonana alfajiri kisimani."

Hapo Sungura angenyamaza tu. Angekwenda zake nyumbani, akalala chali, na kesho angekunywa maji safi mpaka tumbo lilie. Lakini ujanja ni kama upele: ukishauonja utamu wa kuukuna, huwezi kuuacha. Tena ile kucha hakuipenda. Alitaka ushindi wake ugongwe muhuri, neno la mwisho mbele ya mashahidi, ili Simba asiwe na pa kushikia. Akajisogeza kando ya kisiki.

"Asije mtu kesho akasema tumeiba," akasema kwa madaha. "Mwamuzi, mimi mwenyewe naomba msaada! Mjomba Bundi, waambie jinsi mpira ulivyopita mbali na Fisi, hata upepo wake haukumfikia."

"Unaomba, Bwana Sungura?" Kanga akauliza taratibu.

"Naomba."

"Na ukishaomba?"

"Sikatai. Uje mtamu, uje mchungu. Si maneno yako hayo?"

Kanga akageuka. Maneno ya Sungura aliyaacha hapo hapo yalipodondoka.  "Mwenzangu," akasema, "umeona nini?"

Bundi alijinyoosha juu ya kisiki. Akatazama umati, uso kwa uso, na safari hii nyuso zilikuwepo kweli.

"Nimeona," akasema. "Mpira haukumgusa Fisi."

Sungura akapiga makofi.

"Fisi ndiye aliyeugusa mpira. Ulipopita, alitoa ulimi, akaulamba, akaurudisha ndani. Halafu akachota mchanga."

Kicheko kikapasuka kutoka upande wa Kilimani. Sungura aliruka juu kama aliyekalia siafu. "Uongo! Ataonaje huyu? Bundi mchana haoni hata mlima! Kila mtu anajua!"

"Mimi sikujua," akasema Swala.

"Wala mimi," akasema Ngedere, na huyo alikuwa wa Bondeni.

Kanga akasogea mpaka mdomo wake ukakaribia pua ya Sungura. "Wewe ulijua tangu lini, Bwana Sungura? Kabla ya kumchagua au baada?"

Sungura akarudi nyuma hatua mbili, mgongo ukagonga kisiki. 

"Anasema kweli," Bundi akasema kutoka juu, na sauti yake haikuwa ndogo tena. "Juani sioni. Ya Swala na ya Nyani niliyasikia kwake, nikayasema kwa aibu yangu. Nisameheni. Lakini sasa hebu tazameni juu."

Wote wakainua vichwa. Ndipo walipoliona wingu, limewafunika kama kawa juu ya sahani, na jua halipo.

"Uongo, uongo mtupu," Sungura akanong'ona. "Fisi, waambie!"

"Kweli kabisa," akasema Fisi, "mimi na ulimi wangu hatujui lolote."

Kanga akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kirafiki, kama jirani anayeomba habari za jikoni, "Pole, bwana Fisi. Na jinsi mpira ulivyokuwa ukinukia! Ila nadhani ulikuwa mchungu tu."

"Mchungu wapi!" Fisi akaruka. "Una chumvichumvi, na pale penye mshono pana mafuta kid..."

Akajishika mdomo, lakini maneno hayashikiki kwa nyuma. Nyani akaokota mpira akauzungusha. Ulikuwa na vumbi pande zote, ila palikuwa na mchirizi mmoja wa mate, mrefu na mnene. Katika ukame ule, nani mwingine alikuwa na mate ya kuchezea?

"Ameguswa," Kanga akatangaza, na ukelele wake ukafika Kilimani na Bondeni. "Kiganja cha mwisho hakihesabiwi." Akakichota mwenyewe kutoka kwenye kibuyu cha Bondeni, akakimwaga mbele ya Sungura. Walipopima upya, kijiti kikaonyesha mchanga wa Bondeni uko chini ya shingo kidogo tu. Kilimani walikuwa wameshinda.

Walipomaliza kushangilia, mtu mmoja akakumbuka sharti. "Na mwamuzi je? Si amewatoa Swala na Nyani kwa uongo?"

Kanga hakukimbia. "Ni kweli," akasema. "Niliona sawa mara zote mbili, nikaogopa kuonekana mbishi, nikaukana ukweli wangu. Nikauliza kwa maneno ya kocha, nikapewa jibu la kocha. Mtakavyosema na iwe." Nyuma yake vifaranga walikuwa wamejibana pamoja, kimya.

Simba akajinyoosha. Hakuomba radhi, hakushukuru. Hayo hayakuwa ya ukoo wao. "Kanga hakupotosha," akasema. "Alidanganywa, akasimama tena. Atakunywa." Kisha akaondoka, kichwa juu, kana kwamba mambo yote yale ameyapanga yeye.

Wingu lile lilikuwa la kupita tu. Liliondoka bila kuacha hata tone, na kesho yake jua likarudi na ukali wake. Alfajiri Kanga aliwatangulia wote kisimani. Vifaranga walikunywa, wakaanza kupiga kelele za kugombania nafasi, na kelele hizo zilimfurahisha mama yao kuliko sifa zote alizopewa. Baada yao walikunywa Kilimani. Bundi, aliyejitangazia mwenyewe kwamba mchana asiulizwe kitu, aliongozwa mpaka majini na Swala, wakisimuliana.

Mwishowe ikafika zamu ya Bondeni. Wa Bondeni walikuwa na hasira zao, nao walipanga mstari wao wenyewe kwa makini sana. Mbele waliwaweka wenye watoto, kisha wazee, kisha wengine wote. Karibu na mwisho walimweka Fisi. Na Sungura walimweka nyuma ya Fisi.

Fisi aliingiza kichwa chote kisimani. Alikunywa maji, akanywa tope, akalamba mawe, halafu akalamba alipokwisha kulamba. Sungura alisubiri nyuma yake, ulimi nje, akisikia ile sauti ya kulamba ikiendelea mpaka jua likapanda. Hakukuwa na mwamuzi wa kumlilia wala msaidizi wa kumuomba. Fisi alipoinua kichwa akafuta mdomo na kumpisha kwa adabu, Sungura alichungulia ndani, akaona ukavu.

Na anayejiuliza kwa nini ujanja mwingi wa Sungura haukumpatia hata tone, wa kale walikwisha kumjibu: mchimba kisima huingia mwenyewe.